Kinyozi Hajinyoi: Je, Bosi Anahitaji Kocha?

Na Mwandishi Wetu, Mkolani

MSAFIRI anayetoka mjini Mwanza kuelekea Usagara, akishapita Nyegezi tu, yumo Mkolani. Kando ya barabara kuu zimejipanga biashara za kila aina: saruji, mabati, nondo, mbao, unga, vinywaji. Biashara nyingi za namna hii zilianza na mtu mmoja, kibanda kimoja na daftari moja la mkopo. Baadhi zimekua. Mwenye kibanda sasa ana maduka matatu, gari la mizigo na wafanyakazi 12.

Hapo ndipo mambo yanapoanza kwenda kombo. Mtu huyu alikuwa hodari wa kununua na kuuza. Hakuwahi kufundishwa kuongoza hata mfanyakazi mmoja. Akienda Dar es Salaam kufuata mzigo, mauzo yanashuka. Akirudi, anafoka. Msimamizi mzuri anaondoka na kufungua duka lake mtaa wa pili, tena na wateja wake. Mwenye mali anasema vijana wa siku hizi hawafai. Huenda ni kweli. Lakini ikiwa wasimamizi watatu wameondoka katika miaka miwili, kinachostahili kuchunguzwa kwanza ni kiti cha bosi.

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Juu ya msemo huo imejengwa biashara kubwa duniani: ukocha wa viongozi wa makampuni. Matangazo yake yamefika kwetu, kuanzia semina za hotelini hadi simu za mkononi. Wiki hii tunaeleza bidhaa hiyo ni nini, inafanya kazi vipi, ushahidi unasema nini, na mfanyabiashara au mwenye hisa chache afanye nini kabla ya kutoa fedha yake.

KOCHA NI NANI

Kwanza tutenganishe watu wanne ambao wauzaji wa huduma hii hupenda kuwachanganya.

Mwalimu anajua jambo na anakupa. Ukitaka kujifunza kufunga hesabu, mtafute mwalimu. Mshauri anachunguza biashara yako, anaandika taarifa na kukuambia ufanye nini. Mlezi ni mtu aliyekutangulia katika njia hiyo hiyo. Amewahi kukopa, kuibiwa na kudanganywa, naye anakueleza yaliyomkuta. Kocha ni tofauti na wote hao. Kazi yake ni kukufanya wewe uone unavyofanya kazi, uchague cha kubadili, kisha akubane mpaka ubadili kweli.

Mpenzi wa mpira hatapata shida kuelewa. Pamba Jiji walipopanda Ligi Kuu mwaka 2024, baada ya miaka zaidi ya 20 nje ya ligi hiyo, aliyefunga mabao hakuwa kocha. Kocha hukaa nje ya mstari. Faida yake ni kwamba anaona uwanja mzima, wakati mchezaji anaona mpira na mtu anayemkaba.

Asili ya ukocha wa makampuni nayo imetoka michezoni. Mwaka 1974 Mmarekani Timothy Gallwey aliandika kitabu kuhusu tenisi, akidai kwamba mpinzani mgumu zaidi wa mchezaji yumo kichwani mwake mwenyewe. Mwingereza John Whitmore, aliyewahi kuwa dereva wa mashindano ya magari, aliyachukua mawazo hayo na kuyapeleka maofisini, na mwaka 1992 akatoa kitabu kilichoenea sana. Mpangilio aliousambaza una maswali manne: Lengo lako ni lipi? Hali halisi ikoje? Kuna njia zipi? Utafanya nini, na lini?

Ukiyasoma haraka, maswali hayo ni mepesi mno kulipiwa fedha. Ugumu uko katika swali la pili. Bosi ndiye mtu anayedanganywa kuliko wote katika kampuni. Karani hamwambii kwamba anafoka. Mkewe amechoka kumwambia. Benki inamchekea almradi marejesho yanaingia. Nyani haoni kundule, na nyani aliyeajiri nyani wengine hataambiwa kamwe.

KAZI YENYEWE INAVYOKWENDA

Katika kampuni kubwa, mkataba huwa na pande tatu: kampuni inayolipa, meneja anayefundwa na kocha. Wanakubaliana malengo mawili au matatu yanayopimika. Mara nyingi kocha huanza kwa kukusanya maoni ya watu wanaomzunguka meneja, yaani wakubwa wake, wenzake na walio chini yake, bila kutaja nani kasema nini. Kisha hufuata vikao vya ana kwa ana vya saa moja hadi saa moja na nusu, kila baada ya wiki mbili au mwezi, kwa miezi sita hivi. Kila kikao huisha kwa ahadi ya jambo la kutekeleza, na kikao kinachofuata huanza kwa kuuliza kama limetekelezwa.

Siri ni sehemu ya mkataba. Kampuni inaruhusiwa kujua kama malengo yanafikiwa. Yaliyosemwa ndani ya chumba hairuhusiwi kuyajua. Pasipo sharti hilo meneja atasema yale tu anayotaka mwajiri wake ayasikie, na fedha itakuwa imepotea bure.

Mfano unaotajwa sana duniani ni wa Eric Schmidt. Mwaka 2001 alipochukua uongozi wa Google, mjumbe wa bodi, John Doerr, alimshauri atafute kocha. Schmidt alikasirika. Alikuwa mtendaji mzoefu. Aliona kama anaambiwa kwamba hafai. Hatimaye alikubali kukutana na Bill Campbell, na miaka kadhaa baadaye alitangaza hadharani kuwa ushauri ule ndio uliokuwa bora kupata kupewa. Campbell huyo, aliyefariki mwaka 2016, alikuwa pia mtu wa karibu wa Steve Jobs wa Apple.

Jambo la kuzingatia ni kwamba Campbell aliwahi kuwa kocha halisi wa mpira wa Kimarekani katika Chuo Kikuu cha Columbia, kuanzia 1974 hadi 1979. Timu yake ilishinda mechi 12, ikatoka sare 1 na kufungwa 41. Baada ya hapo alifanya kazi makampuni na kuwa mkuu wa kampuni ya Intuit. Hivyo alipoketi na wakubwa wa California, alikuwa ameonja kushindwa na ameonja kuongoza. Msomaji anayeletewa kocha ambaye hajawahi kusimamia chochote akumbuke hilo.

USHAHIDI UNASEMA NINI

Sifa za mtu mmoja si ushahidi. Tuangalie waliopima.

Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Amsterdam walikusanya tafiti 18 kuhusu ukocha katika sehemu za kazi. Jumla ya matokeo ilikuwa nzuri: utendaji, namna ya kukabili matatizo, mtazamo juu ya kazi na uwezo wa mtu kujiwekea malengo vilipata nafuu. Hata hivyo, tafiti nyingi za aina hii zinahusu watu wachache, na mara nyingi anayeulizwa kama amefaidika ni yule yule aliyefundwa. Ni sawa na kumuuliza mteja kama ubwabwa ni mtamu ilhali ameshaulipia.

Kipimo kigumu zaidi kilifanywa India, katika viwanda vya nguo karibu na Mumbai. Watafiti wakiongozwa na Nicholas Bloom walichukua makampuni 17. Baadhi ya viwanda vilipewa wataalamu wa menejimenti waliokaa navyo kwa miezi kadhaa. Vingine vilifanyiwa uchunguzi tu ili viwe vya kulinganishia. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Tija ya viwanda vilivyosaidiwa ilipanda kwa asilimia 17 katika mwaka wa kwanza. Hazikuletwa mashine mpya. Kilichobadilika ni mambo ya kawaida kabisa: kuandika sababu za mashine kusimama, kupanga nyuzi ghalani, kukagua ubora kila siku, kukutana asubuhi.

Kwa nini wenye viwanda hawakuwa wakifanya hivyo tangu mwanzo? Jibu la watafiti linafaa kubandikwa ukutani: wengi hawakujua, au waliamini mambo yao yako sawa. Faida ilikuwapo, kwa hiyo hawakuona haja ya kuuliza.

Watafiti walirudi miaka kama minane baadaye. Taarifa yao ya mwaka 2020 ilionyesha kuwa karibu nusu ya taratibu zilizoanzishwa zilikuwa zimeachwa, ingawa viwanda vile bado vilikuwa mbele ya wenzao. Sababu kubwa mbili zilitajwa: mameneja kubadilishwa, na wakurugenzi kukosa muda. Msomaji wa Mkolani atakuwa ameitambua sababu ya pili.

Hao ni wenye viwanda. Mwenye genge je? Jibu lipo karibu zaidi, huko Dandora, Nairobi. Watafiti Wyatt Brooks, Kevin Donovan na Terence Johnson waliwagawa wanawake wenye biashara changa katika makundi matatu. La kwanza halikupewa kitu. La pili lilipelekwa darasani kujifunza hesabu na menejimenti. La tatu, kila mama aliunganishwa na mwanamke mwenye biashara kongwe zaidi katika eneo hilo hilo, wakawa wanakutana. Matokeo yalitoka mwaka 2018. Darasa lilibadilisha namna ya kuendesha shughuli lakini halikuongeza faida. Waliopata mlezi faida yao ilizidi ya kundi la kwanza kwa wastani wa asilimia 20.

Siri ya faida hiyo haikuwa falsafa. Walezi waliwaonyesha wenzao mahali pa kununua mzigo kwa bei nafuu. Ni habari ya soko, ile ambayo haimo katika kitabu chochote. Aidha, kadiri wawili hao walivyoacha kukutana ndivyo faida ilivyofifia.

Lakini tusidanganyane kwamba kila ushauri huleta faida. Mjini Accra, Ghana, mafundi cherehani waliwahi kupewa washauri wa biashara na wengine fedha taslimu. Kwa muda walifuata mambo mapya, faida ikashuka badala ya kupanda, na mwaka mmoja baadaye walikuwa wamerudi katika utaratibu wao wa zamani. Na Dar es Salaam, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 juu ya wateja wa PRIDE Tanzania ulikuta kwamba mafunzo ya biashara yaliwasaidia wanaume kuinua shughuli zao, bali kwa wanawake nafuu ilikuwa ndogo sana. Mafunzo peke yake hayaondoi mizigo mingine aliyonayo mtu nyumbani.

Tukijumlisha tunapata sheria tatu. Msaada wa mtu mmoja kwa mtu mmoja, unaogusa biashara yenyewe, unashinda hotuba ya ukumbini. Anayejua soko lako anashinda anayejua nadharia. Na faida hudumu pale tu utaratibu unapodumu.

HAPA KWETU

Suala la nani amlee bosi si geni Tanzania. Kanda ya Ziwa ilikuwa nalo mapema. Mwaka 1955, chini ya uongozi wa Paul Bomani, wakulima wa pamba waliunda Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, chombo kikubwa kilichohitaji mameneja, makatibu na wahasibu ambao hawakuwapo. Mwaka 1963 Chuo cha Ushirika Moshi kilifunguliwa kuziba pengo la namna hiyo. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976 na kurudishwa katika miaka ya 1980. Soko la pamba lilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi mwaka 1994, meneja aliyezoea kuletewa pamba kwa sababu hapakuwa na mnunuzi mwingine alijikuta katikati ya ushindani. Kazi ilibadilika usiku mmoja, aliyeishika alikuwa yule yule. Hilo ni funzo ambalo kanda hii imelilipia.

Wenye viwanda vya samaki nao walionja. Jumuiya ya Ulaya iliposimamisha ununuzi wa samaki wa Ziwa Victoria mwaka 1999, kwa hofu ya sumu iliyotumiwa na baadhi ya wavuvi, meneja aliyekuwa mtaalamu wa kuuza minofu alilazimika mara moja kuwa kiongozi wa usafi, maabara, wavuvi na wafanyakazi waliokaa bila kazi.

Mabenki yanatoa mfano mwingine. NBC ya umma iligawanywa mwaka 1997, na NMB ikazaliwa humo. Mwaka 2005 wawekezaji wakiongozwa na Rabobank ya Uholanzi walichukua asilimia 49 ya hisa za NMB, na kwa miaka mingi kiti cha mkurugenzi mtendaji kilikaliwa na Waholanzi. Ruth Zaipuna aliingia benki hiyo mwaka 2018 kama ofisa mkuu wa fedha, akakaimu nafasi ya juu na kuthibitishwa mwaka 2020. Hakuletwa siku moja kabla. Alikaa jikoni kwanza, akaona chakula kinavyopikwa.

CRDB iliongozwa na Dk. Charles Kimei kwa miaka 20, kuanzia 1998 hadi 2018, kisha akaingia Abdulmajid Nsekela akitokea NMB. Faida ya CRDB baada ya kodi ilikuwa shilingi bilioni 36 hivi mwaka 2017, wakati mikopo chechefu ilipoyabana mabenki mengi. Mwaka 2023 ilivuka bilioni 400. Hisa zilizouzwa kwa umma kwa shilingi 150 mwaka 2009 zilikuwa zimeshuka chini ya bei hiyo, na mwaka 2023 zilipita 400. Tusiseme kwamba yote ni kazi ya mtu mmoja, wala kwamba ni matunda ya kocha. Uchumi, mikopo na teknolojia vina sehemu yao. Tunachosema ni kwamba katika soko letu kubadilishana kijiti kileleni ni habari inayogusa mfuko wa mwenye hisa 500.

Vyombo vya kuwaandaa viongozi navyo vipo. Serikali ilianzisha Taasisi ya Uongozi mwaka 2010 kwa kushirikiana na Finland, na pamoja na Chuo Kikuu cha Aalto inaendesha stashahada ya uzamili ya uongozi. Chama cha Waajiri Tanzania, ATE, kina mpango wa kuwaandaa wanawake kwa nafasi za juu na ujumbe wa bodi, uliochukuliwa kutoka kwa waajiri wa Norway na kufundishwa pamoja na ESAMI ya Arusha. Hapa Mwanza, Benki Kuu ina chuo chake Capri Point, na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino kiko Malimbe, jirani kabisa na Mkolani. Hivyo ni vyombo vya mafunzo zaidi kuliko ukocha, na bei yake na ratiba yake vinamfaa mwajiriwa wa kampuni kuliko mwenye maduka matatu.

HESABU YA DUKA LA MKOLANI

Basi tufanye hesabu ya mwenye maduka matatu. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba anauza vifaa vya ujenzi vya shilingi milioni 60 kwa mwezi na faida yake ghafi ni asilimia 8. Kocha anadai shilingi 300,000 kwa kikao, vikao vinane. Jumla ni shilingi milioni 2.4.

Wengi hapa hukosea. Hulinganisha milioni 2.4 na mauzo ya milioni 60 na kuona ni fedha ndogo. Fedha hiyo inatoka katika faida, haitoki katika mauzo. Ili faida ya asilimia 8 irudishe milioni 2.4, lazima auze shilingi milioni 30 zaidi ya kawaida. Kwa mwaka ni milioni 2.5 kila mwezi, yaani nyongeza ya asilimia 4 na kidogo. Haliwezi kuitwa jambo gumu sana, wala haliji lenyewe.

Sasa tutazame upande wa pili. Msimamizi akiondoka na duka likauza pungufu ya milioni 10 kwa mwezi kwa muda wa miezi mitatu, faida iliyopotea ni milioni 2.4. Ni bei ile ile ya kocha. Kwa hiyo swali si kama kocha ni ghali. Swali ni kama tatizo linalovujisha fedha yako linatokana na wewe. Ikiwa mauzo yameshuka kwa sababu barabara inatengenezwa mbele ya duka, kocha hatakusaidia. Ikiwa saruji yako ni ghali kuliko ya jirani, tafuta msambazaji mwingine. Ikiwa hujui faida yako ni kiasi gani, ajiri mtunza hesabu kwanza. Ukocha unamfaa mtu ambaye hesabu zake zinasomeka, soko analo, lakini watu wake hawatulii na kila uamuzi unamsubiri yeye.

KABLA YA KULIPA

Kazi hii haihitaji leseni. Mtu yeyote aweza kuchapisha kadi leo na kujiita kocha. Shirikisho la kimataifa la makocha, lililoanzishwa Marekani mwaka 1995, hutoa vyeti vya ngazi tatu, na pamoja na mafunzo hudai saa za kazi halisi zisizopungua 100, 500 na 2,500. Cheti si dhamana, lakini asiye nacho aulizwe ana nini badala yake.

Muulize amewahi kusimamia watu wangapi, wapi. Omba kuongea na wateja wake wawili waliomaliza, na mmoja aliyekatisha njiani. Andikeni malengo yasiyozidi matatu, yenye namba: kwa mfano, msimamizi aweze kununua mzigo wa hadi shilingi milioni 3 bila kukupigia simu, au duka lifungwe kihesabu kila Jumamosi jioni. Lipa kwa vikao, si kwa mkupuo. Pimeni baada ya kikao cha tatu. Kama hakuna kilichobadilika, acheni. Dai risiti. Kampuni inayolipa huduma za namna hii ikumbuke kodi ya zuio, asilimia 5 kwa mtoa huduma mkaazi na asilimia 15 kwa asiye mkaazi.

Jihadhari na anayekuahidi kiwango cha faida. Kocha mkweli anaweza kuahidi bidii na siri. Anayeahidi kuzidisha mauzo mara mbili anauza kitu kingine.

Asiye na milioni 2.4 asikate tamaa, maana Dandora imetufundisha njia ya bei nafuu. Mtafute mfanyabiashara aliyekuzidi miaka 10, asiyeuza bidhaa zako katika mtaa wako, ili asione kwamba anamfundisha mshindani. Mwombe saa moja kila wiki mbili. Nenda na daftari, si na maneno. Mwonyeshe namba halisi, pamoja na zile zinazokuaibisha. Chemba ya Biashara, TCCIA, na hata kikoba chako ni mahali pazuri pa kumpata. Na usiache kukutana naye mambo yakianza kunyooka, kwa sababu hapo ndipo wengi wa Dandora walipopotezea.

KWA MWENYE HISA

Mwekezaji mdogo haketi katika bodi, lakini ana karatasi mbili mkononi: taarifa ya mwaka na mwaliko wa mkutano mkuu. Tangu Soko la Hisa la Dar es Salaam lilipofungua milango mwaka 1998, wengi wetu tumekuwa tukiifungua taarifa ya mwaka kwenye ukurasa wa gawio na kuifunga hapo hapo. Safari ijayo afungue pia ukurasa wa menejimenti, aulinganishe na wa miaka mitatu iliyopita. Wangapi wamebaki? Nafasi ya ofisa mkuu wa fedha imebadilishwa mara ngapi? Je, aliyepanda juu alilelewa ndani au kila mara huletwa wa nje?

Kisha asimame mkutanoni na kuuliza swali moja la adabu: mkurugenzi mtendaji akiugua kesho, nani anashika usukani, na ameandaliwa vipi? Kampuni yenye jibu italitoa kwa dakika mbili. Isiyo na jibu itamshukuru mwenye hisa kwa swali zuri na kuendelea na agenda. Yote mawili ni taarifa ya soko, na haina malipo.

Swali hilo hilo mwenye duka wa Mkolani ajiulize usiku akishafunga mlango. Nikilazwa mwezi mmoja, biashara itasimama? Kama jibu ni ndiyo, basi hana kampuni bado. Ana ajira iliyompa wafanyakazi 12 wa kulisha. Awe kocha wa kulipwa, awe mzee wa mtaa wa pili, amtafute mtu wa kumwambia ukweli huo kabla daktari au benki hawajamwambia.